Mpangaji asiyeandikwa popote: Mombasa ikijengwa upya, nani anamhesabu?

Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri nilikata uchochoro wa Majengo, mtaa niliolelewa, nikamkuta mama ninayenunua mahamri kwake ameketi nje juu ya kabati la nguo lililolazwa chini. Kando yake palikuwa na godoro lililokunjwa, karai la kukaangia, jiko la makaa na ndoo mbili za vyombo. Mjukuu wake, amevaa sare ya shule, alikuwa akilinda mizigo.

"Shikamoo mama. Kulikoni?"

"Marahaba mwanangu. Nyumba imeuzwa. Twaambiwa tutoke, kwajengwa gorofa."

"Mulipewa notisi?"

"Mwezi mmoja, kwa mdomo."

Aliingia chumba kile akiwa na mtoto mchanga wa pili, na mtoto huyo sasa ana wake. Kodi alikuwa akilipa kila mwezi, mwanzo mkononi kwa mwenye nyumba, baadaye kwa M-Pesa ya mwanawe mwenye nyumba. Alipotoka hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Nyumba ilipouzwa, mwenye nyumba alilipwa, dalali alipata chake na wakili akapata chake. Mama wa mahamri alipata kijana wa mkokoteni, na huyo naye alitaka pesa.

Sisimulii kisa hiki ili tumlaani mwenye nyumba. Aliyeuza ni mjane, na nyumba ilikuwa yake. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha tatizo ambalo halitajwi katika mikutano yetu ya ardhi. Tukizungumzia ardhi Pwani tunazungumzia hatimiliki, maskwota na mabwanyenye wasioonekana. Mpangaji wa chumba hayumo katika mazungumzo hayo, ilhali ndiye mkazi wa kawaida wa mji huu.

Ngazi tatu, na wa chini hana jina

Wenyeji wa Mombasa wanajua utaratibu wetu, ila vijana wengi hawaujui, basi niueleze. Katika sehemu kubwa ya Majengo na mitaa mingine ya zamani, ardhi ni ya mtu mmoja na nyumba ni ya mwingine. Wengine huita hali hii nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba alijenga kwa ruhusa ya mwenye ardhi na humlipa ada ya kiwanja. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, uani nyuma, choo na bafu za pamoja. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Nyumba moja huweza kuwa na jamaa tano au sita.

Kwa hivyo kuna ngazi tatu: mwenye ardhi, mwenye nyumba, mpangaji. Ardhi ikiuzwa, mwenye ardhi ana hati. Mwenye nyumba hana hati ya ardhi, lakini ana kuta na bati, na mara nyingi hukaa na mnunuzi wakaelewana bei ya kumwondoa. Mpangaji hana hati, hana kuta, na hakuna anayekaa naye. Yeye huambiwa tu tarehe.

Pale ambapo nyumba ya vyumba sita ilikuwa, huinuka gorofa ya orofa saba au nane. Mji unahitaji nyumba zaidi, hilo halina ubishi. Lakini waliotoka katika vile vyumba sita hawarudi katika gorofa ile, kwa sababu kodi yake si ya muuza mahamri wala hamali wa bandarini. Wanasogea Kisauni, Bombolulu, Likoni ya ndani, Miritini, mbali na kazi, shule na wateja wao. Tunahesabu gorofa zilizojengwa, na hakuna anayehesabu jamaa zilizohama.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Kinasema kila mtu, hakikusema kila mwenye hati. Kifungu cha 40, kinacholinda mali, kinaenda mbele zaidi: ardhi ikitwaliwa na serikali, fidia inaweza kutolewa hata kwa wanaoikalia kwa nia njema ingawa hawana hatimiliki. Waandishi wa Katiba walijua kwamba nchi hii ina watu wengi wanaoishi mahali bila karatasi.

Januari 2021 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi waliobomolewa makao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwaka 2011. Majaji walisema watu wasio na ardhi wakikaa katika ardhi ya umma na kufanya makao humo, hawapati umiliki, lakini wanapata haki ya makao inayolindwa na sheria. Serikali haiwezi kuwafagia kama taka. Wakazi wale walisubiri karibu miaka kumi kusikia maneno hayo.

Sheria ya Ardhi ilishafanyiwa marekebisho mwaka 2016 ili bomoabomoa iwe na utaratibu. Aliyeingia katika ardhi bila haki lazima apewe notisi ya angalau miezi mitatu. Siku ya kuondolewa, wanaofanya kazi hiyo lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini. Wazee, wanawake, watoto na wenye ulemavu lazima wapewe ulinzi maalumu. Wanaoondolewa lazima wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao.

Sasa tazama jambo hili, ndugu msomaji. Aliyekalia ardhi bila haki ana notisi ya miezi mitatu. Aliyekodi duka chini ya Sura ya 301 ya sheria zetu hawezi kutolewa kwa notisi isiyotimia miezi miwili, na anaweza kuipinga mbele ya jopo la kodi za biashara. Je, aliyekodi chumba cha kulala na watoto wake? Akiwa analipa mwezi kwa mwezi bila mkataba mwingine, Sheria ya Ardhi inaruhusu atolewe kwa notisi ya kipindi anacholipia. Hiyo ni notisi ya mwezi mmoja.

Iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayomlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi vizuri zaidi: mwenye nyumba hawezi kumtoa bila amri ya baraza la kodi. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu nitafutie chumba cha bei hiyo kisiwani leo. Ulinzi umebaki kwenye vitabu, bei zimeshaupita.

Kwa ufupi, sheria yetu inamwona mwenye mali, inamwona mwenye duka, na siku hizi inajitahidi kumwona skwota. Mtu anayelipa kodi kila mwezi bila kukosa ndiye anayepewa muda mfupi kuliko wote. Hili si jambo la kuachiwa mawakili peke yao. Ni kasoro inayomgusa kila anayekaa nyumba ya kupanga, na katika mji huu hao ni wengi mno.

Funzo la Buxton

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kaunti ya Mombasa imewahi kuonyesha kwamba mpangaji anaweza kuhesabiwa. Ilipoamua kubomoa mtaa wa Buxton, nyumba za baraza la mji za tangu enzi za mkoloni, wapangaji walipinga, wengine wakaenda mahakamani. Mwishowe, mwaka 2021, walihama, na kila mpangaji aliyetambuliwa alipewa shilingi 240,000 za kutafuta makao kwingine wakati ujenzi ukiendelea. Nyumba 520 ziliondolewa ili zijengwe zaidi ya 1,800.

Watu watabishana hadi kesho kama pesa zile zilitosha, na kama waliotoka waliweza kununua nyumba mpya. Mimi nataka tuangalie kitu kimoja tu: kwa nini ziliwezekana kulipwa? Kwa sababu kaunti ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba, na ilikuwa na daftari la wapangaji wake. Aliyekuwa katika daftari aliitwa. Lakini sote tunajua watu wanavyoishi katika nyumba za serikali. Mpangaji mwenye jina huweza kumpangisha mwingine chumba, na aliyepangishwa hajulikani na afisi yoyote. Siku ya malipo, daftari ndilo linaloamua nani yupo na nani hayupo.

Mpango wa kujenga upya mitaa ya zamani haukuishia Buxton. Mitaa mingine ya kaunti, kama Tudor, Khadija, Mzizima na Changamwe, imetajwa kwa miaka kadhaa katika mpango huohuo. Na nje ya mitaa ya kaunti, nyumba za watu binafsi zinauzwa kila wiki bila mpango wowote. Wa mitaa ya kaunti angalau wana mtu wa kumwendea. Wa nyumba za binafsi, kama yule mama wa mahamri, hawana.

Hata aliyetolewa na mtu binafsi ni mzigo wa mji

Hapa najua nitaulizwa: mtu akiuza nyumba yake mwenyewe, kaunti inaingiaje?

Swali hilo liliulizwa Johannesburg, Afrika Kusini, na likafika Mahakama ya Katiba. Watu 86 walikuwa wakiishi katika jengo kuukuu la kampuni iliyoitwa Blue Moonlight. Kampuni ilitaka jengo lake. Jiji likasema makao ya dharura tunayo kwa wale tunaowatoa sisi wenyewe, waliotolewa na watu binafsi hawatuhusu. Desemba 2011 mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilisema mwenye mali ana haki ya mali yake na atarudishiwa, lakini atasubiri kidogo, na jiji lazima liwatafutie makao ya muda wale ambao wangebaki barabarani. Aliyekosa pa kulala hali yake ni ileile, awe ametolewa na serikali au na kampuni.

Uamuzi wa Afrika Kusini haufungi mahakama zetu. Lakini katiba yao inazungumzia makao kwa maneno yanayokaribiana sana na yetu, na mantiki yake ni ya kawaida. Moto ukiteketeza nyumba Majengo, Msalaba Mwekundu huja na mablanketi, mwakilishi wadi huja na unga, msikiti huchanga. Jamaa hizohizo sita zikitolewa nyumba hiyohiyo kwa sababu imeuzwa, hakuna anayekuja. Usiku wa kwanza wote wanalala nje sawasawa.

Na sisi Waislamu tuna mfano wa karibu zaidi. Waliohama Makka walipofika Madina bila kitu, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha na wenyeji, kila mhamiaji akapata ndugu wa kumpokea. Waliobaki bila makao walipewa hifadhi katika suffa, sehemu yenye kivuli katika msikiti. Kupokea waliokosa makao ilikuwa kazi ya mji mzima tangu siku za mwanzo. Mji wetu una mali nyingi za wakfu, zikiwemo nyumba. Si vibaya wasimamizi wake wakajiuliza ni vyumba vingapi vinaweza kutengwa kwa jamaa inayohitaji miezi miwili tu ya kujipanga.

Tuombe nini hasa

Malalamiko bila ombi ni kelele. Mimi naona mambo manne, na la kwanza ndilo msingi wa mengine.

La kwanza ni daftari. Kaunti ndiyo itoayo kibali cha ujenzi, na Katiba imeipa kaunti kazi ya mipango na nyumba. Basi pasitolewe kibali cha kujenga mahali penye nyumba inayokaliwa mpaka mwombaji awasilishe orodha ya wapangaji wote waliomo: jina, chumba, muda waliokaa, kodi wanayolipa. Afisa wa wadi akishirikiana na mzee wa mtaa waende waihakikishe. Hakuhitajiki jengo jipya wala wizara mpya. Ni karatasi moja kuongezwa kwenye faili ambayo tayari ina michoro na risiti.

La pili ni muda. Orodha ikishapokewa, wapangaji wapewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, sawa na wengine. Mwenye kujenga gorofa husubiri miezi mingi kupata michoro na vibali. Miezi mitatu ya mpangaji inaweza kwenda sambamba na hiyo, bila kumchelewesha.

La tatu ni dawati. Katika kila afisi ya kaunti ndogo pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni waliotolewa nyumba: kuwaeleza haki zao, kuwaandikia barua, kuwaelekeza kwa msaada wa kisheria, kuwasaidia watoto kuhama shule bila kupoteza muhula. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, na mashirika kama Kituo cha Sheria na MUHURI yana afisi hapa Mombasa. Kinachokosekana ni mlango mmoja unaojulikana na mama wa mahamri.

La nne ni makao ya muda kwa wasiojiweza: wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wenye watoto wachanga. Si kila mtu. Wengi wakipewa muda na dipoziti yao ikirudishwa, watajitafutia wenyewe.

Wenye nyumba wana hofu mbili, nami sizidharau. Ya kwanza ni kwamba wapangaji watagoma kutoka. Lakini orodha haimpi mpangaji umiliki, inampa muda na jina. Ya pili haisemwi hadharani: orodha itafika kwa watoza ushuru. Mapato ya kodi za nyumba yanatozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa wanaopokea kuanzia shilingi 288,000 kwa mwaka. Mjane mwenye vyumba vinne vya shilingi 4,000 hupokea 192,000 kwa mwaka, hafiki hapo. Anayefika tayari anadaiwa, kuwe na orodha au kusiwe.

Wengine watasema serikali inajenga nyumba za bei nafuu, tuvumilie. Ni kweli, na kwa sheria ya 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili yake. Lakini nyumba itakayokamilika miaka miwili ijayo haimsaidii aliyetolewa Jumatatu, na asiyekuwa katika orodha yoyote hata foleni ya nyumba hiyo itampita.

Kabla kaunti haijaamka

Wewe unayepanga, usingoje. Dai mkataba wa maandishi, hata ukurasa mmoja wenye sahihi mbili. Lipa kodi kwa M-Pesa, kwa laini yako mwenyewe, na uhifadhi jumbe. Ukilipa mkononi, omba risiti. Hakikisha mzee wa mtaa anajua jina lako. Ukipewa notisi kwa mdomo, omba iandikwe na iwe na tarehe. Mwenye nyumba akikung'olea mlango au kukukatia maji ili utoke, hiyo si notisi. Njia ya kumtoa mpangaji aliyekataa kutoka ni mahakama, si nyundo. Na jamaa sita wakienda pamoja kuuliza, husikizwa kuliko mmoja mmoja.

Nawe mwenye nyumba unayetaka kuuza, uza, ni mali yako. Lakini waite watu wako ukumbini kabla ya kumwita dalali. Wamelipa ada ya shule ya watoto wako kwa kodi zao.

Mwakilishi wadi atakapokuja tena barazani kwetu, mimi nitamuuliza swali moja tu: katika wadi yako, ni jamaa ngapi zilihama mwaka huu kwa sababu nyumba iliuzwa? Nina hakika hatakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuhesabu. Tumpe kazi hiyo.

Yule mama yuko Mtopanga kwa dadake, wanalala wanne chumba kimoja. Huko mahamri yanauzwa na wengine waliomtangulia. Nilimpigia simu juzi kumjulia hali. Aliniambia mjukuu bado anasoma shule ileile ya Majengo, anaondoka nyumbani gizani kuwahi matatu, kwa sababu hakujua ni afisi gani ya kuuliza kuhusu uhamisho. Nilitaka kumwelekeza, nikagundua hata mimi sina afisi ya kumtajia.